Mpigapicha Anayerudi: Mhadhara kuhusu Kazi ya Susan Meiselas

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu, wanafunzi na wapigapicha mliojumuika nasi leo,

Nilipoombwa kuchagua mpigapicha mmoja wa zama zetu na kueleza maisha yake ya kazi, nilijua kwamba wengi wenu mngetarajia mtu ambaye jina lake linatajwa hata na wasioifuatilia fani hii. Nimemchagua Susan Meiselas, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1948 katika mji wa Baltimore, ambaye jina lake halijulikani sana nje ya duru za wapigapicha, ingawa picha yake moja imechorwa kwenye kuta, imechapishwa kwenye viberiti na kutumiwa na pande mbili zilizokuwa zikipigana vita. Wapigapicha wa maisha halisi kwa kawaida tunawapima kwa walichokiona na kwa ujasiri wao wa kubaki mahali ambapo wengine walikimbia. Ujasiri huo Meiselas anao, nami nitausimulia. Hata hivyo, kazi yake ya zaidi ya miaka 50 inaongozwa na swali ambalo fani yetu imelikwepa kwa muda mrefu: picha ikishapigwa na kuondoka pamoja na mgeni, yule aliyepigwa anabaki na nini?

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika upigaji picha wa vita na dhiki mambo huwa kinyume, maana mgeni huja, hupiga, huondoka, na anayepona ni yeye mwenyewe, apataye jina, tuzo na kurasa za magazeti, huku mwenyeji asijue hata kama picha yake ilichapishwa. Meiselas alilitambua jambo hili mapema, kabla hajawahi kusikia mlio wa risasi, na nadhani sababu ni kwamba hakuingia katika kazi hii kupitia mlango wa uandishi wa habari.

Aliingia kupitia elimu. Baada ya shahada ya kwanza katika chuo cha Sarah Lawrence alikwenda Harvard kusomea shahada ya uzamili ya elimu, ambayo aliimaliza mwaka 1971, na huko alivutiwa na namna picha inavyoweza kutumika kufundishia. Alikuwa amepanga chumba katika nyumba namba 44 ya mtaa wa Irving, mjini Cambridge, katika jimbo la Massachusetts, nyumba ya wapangaji wengi ambao kila mmoja aliishi kivyake. Alibisha mlango mmoja baada ya mwingine, akawapiga picha wenzake wakiwa ndani ya vyumba vyao, kisha akawapelekea picha hizo na kuwaomba waandike jinsi wanavyojiona ndani yake. Maandishi yao aliyaweka pamoja na picha. Ni kazi ya mwanafunzi, ndogo na isiyo na tukio lolote, lakini ndani yake tayari kuna kanuni ambayo hakuiacha tena, nayo ni kwamba aliyepigwa picha ana haki ya kusema neno juu ya picha hiyo, na kwamba neno lake lina uzito sawa na jicho la mpigaji. Baada ya hapo alifundisha upigaji picha katika shule za umma za South Bronx, jijini New York, na baadaye katika shule za vijijini kusini mwa Marekani, akiwapa watoto kamera ili wautazame mtaa wao wenyewe.

Kazi yake kubwa ya kwanza ilimpeleka mahali pagumu zaidi. Kuanzia mwaka 1972 hadi 1975, kila majira ya joto, alifuatana na misafara ya burudani iliyokuwa ikizunguka miji midogo ya New England, Pennsylvania na South Carolina. Kando ya mabembea na michezo ya kubahatisha palikuwa na hema ambamo wanawake walicheza wakivua nguo mbele ya wanaume waliolipa kiingilio, na mpiga debe aliyesimama mlangoni alitangaza kwa sauti kwamba wanawake na watoto hawaingii. Meiselas aliingia, akakaa na wachezaji nyuma ya pazia, kwenye vyumba vya kubadilishia nguo na hoteli za bei nafuu, na kila majira yalipofika akawarudia. Pamoja na kamera alibeba kinasa sauti. Alirekodi maneno ya wachezaji, ya wenye mahema, ya wapenzi wao na ya wateja, na kitabu kilipotoka mwaka 1976 kwa jina la Carnival Strippers maneno hayo yalikuwa nusu ya kazi nzima.

Naomba mzingatie wakati huo. Ulikuwa muongo wa mjadala mkali wa haki za wanawake nchini Marekani, na ingekuwa rahisi sana kutoa kitabu kinachowaonyesha wanawake hao kama wahanga tu, au kama mashujaa wanaojitafutia riziki bila kumwogopa mtu. Ndani ya kitabu kile wachezaji wenyewe hawakubaliani. Mmoja anaona kazi ile ni uhuru na mshahara ambao mji wake usingempa, na mwingine anaiona ni mtego. Meiselas hakuwapatanisha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo alipojipambanua na wapigapicha wengi wema wa kizazi chake, ambao waliwahurumia watu wao kiasi cha kuwanyima haki ya kupingana.

Mwaka huohuo wa 1976 alijiunga na Magnum, ushirika wa wapigapicha ulioanzishwa mwaka 1947 na Robert Capa, Henri Cartier-Bresson, David Seymour na George Rodger. Jambo la msingi katika ushirika ule lilikuwa kwamba mpigapicha abaki na hakimiliki ya kazi yake badala ya kuliachia gazeti lililomtuma. Likumbukeni jambo hili, kwa sababu litageuka kuwa kitendawili kwa Meiselas mwenyewe miaka mingi baadaye.

Katika kipindi hicho pia alianza kuwapiga picha wasichana wa mtaa wake wa Little Italy, New York. Walimwona akipita na baiskeli wakammulika machoni kwa mwanga wa jua kupitia kioo, na urafiki ukaanzia hapo. Aliendelea kuwapiga picha kwa miaka wakikua kutoka utoto hadi usichana. Sitaikalia kazi hii, ila inafaa kujua kwamba mtu anayesifiwa kwa picha za vita alikuwa na subira ya kuwatazama watoto wa barabara moja wakirefuka.

Sasa twende Nikaragua, nchi ya Amerika ya Kati. Ukoo wa Somoza ulikuwa umeishika nchi ile tangu miaka ya 1930 ukitegemea jeshi lililoitwa Walinzi wa Taifa. Tarehe 10 Januari 1978 aliuawa Pedro Joaquín Chamorro, mhariri wa gazeti la La Prensa na mpinzani mashuhuri wa utawala huo, na kifo chake kikawasha moto ambao haukuzimika. Meiselas alisoma habari hizo akiwa New York. Hakuwa amewahi kupiga picha vita, Kihispania chake kilikuwa cha kubahatisha, na hakuna gazeti lililomtuma. Alikwenda mwezi Juni mwaka huo kwa hiari yake, na kwa siku za mwanzo hakujua apige picha nini, kwa kuwa ukandamizaji wa kila siku hauna sura ya pekee ambayo mgeni anaweza kuitambua kwa haraka.

Alichofanya ni kukaa. Huko Monimbó, mtaa wa watu wa asili katika mji wa Masaya, alikutana na vijana waliojifunza kurusha mabomu ya kutengenezwa nyumbani huku wamefunika nyuso kwa barakoa zinazovaliwa katika ngoma zao za jadi. Barakoa zile ziliwaficha wasitambuliwe na askari, na papo hapo ziliwafungamanisha na historia ya mababu zao. Jarida la gazeti la New York Times liliiweka picha hiyo kwenye jalada mwaka 1978, na ghafla mpigapicha aliyekwenda bila kutumwa akawa miongoni mwa macho ambayo dunia iliitazamia Nikaragua.

Picha nyingine ya mwaka ule ni ngumu kuielezea mbele ya watu. Nje kidogo ya Managua, mji mkuu, kuna mahali paitwapo Cuesta del Plomo, mteremko ambako Walinzi wa Taifa waliwaua watu na kuwaacha, na ambako familia zilikwenda kuwatafuta ndugu waliopotea. Meiselas alipiga picha mandhari ya kijani kibichi, yenye ziwa na milima kwa mbali, na mbele yake mabaki ya mwili wa mtu: suruali bado imevaliwa, na juu yake uti wa mgongo mtupu. Uzuri wa mahali haukufichwa, na wakosoaji wakamlaumu kwa hilo. Walimlaumu pia kwa kutumia rangi, kwani wakati huo vita kwa desturi vilionyeshwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, na rangi ilionekana ni ya matangazo ya biashara. Yeye alikuwa akitembea na kamera mbili, moja ya kila aina, mpaka akaona kwamba rangi ndiyo inayoendana na hali ya nchi ile: kuta zilizopakwa rangi, mashati ya vijana, skafu za waasi. Nadhani wakosoaji walikosea. Mandhari ya Cuesta del Plomo ingekuwa ya kijivu, mtazamaji angesema moyoni kwamba mambo haya hutokea katika nchi za giza na mbali, na rangi ndiyo inayomnyima nafuu hiyo, kwa sababu kijani kile ni cha mahali popote panapopendeza.

Tarehe 16 Julai 1979, siku moja kabla rais Somoza hajaikimbia nchi, alikuwa katika mji wa Estelí, ambako Sandinista, waasi waliokuwa wakipigana na utawala huo, walikuwa wameizingira kambi ya Walinzi wa Taifa. Hapo alimpiga picha kijana aliyejulikana kwa jina la Bareta akiwa katika tendo la kurusha bomu la petroli lililotengenezwa kwa chupa ya Pepsi. Mkono mmoja umevutwa nyuma na chupa inayowaka, mkono mwingine umeshika bunduki, na shingoni inaning'inia rozari. Siku tatu baadaye waasi waliingia Managua wakiwa washindi.

Kwa kazi hiyo ya Nikaragua alitunukiwa Medali ya Dhahabu ya Robert Capa, na mwaka 1981 akachapisha kitabu ambamo picha zinafuatana bila maandishi, huku maelezo na ushuhuda wa watu vikiwa mwishoni. Mpigapicha mwingine angeishia hapo, akahamia vita vingine, na tungemkumbuka kwa fremu ya Estelí.

Lakini fremu ya Estelí haikumngoja. Serikali mpya ya Sandinista iliitumia kusherehekea ushindi, ikachapishwa kwenye viberiti, na vijana wakaichora ukutani kwa kibao cha kukatia sura ili kuhamasisha watu wajiunge na jeshi la umma. Waasi wa Contra, waliopigana na Sandinista kwa msaada wa Marekani, nao waliitumia. Ilitumika hata katika machapisho ya kidini, bila shaka kwa sababu ya ile rozari. Meiselas alianza kukusanya matumizi hayo yote, na baadaye akayaonyesha katika maonyesho yake sambamba na picha yenyewe. Hakudai kwamba wote wamemwibia. Alitaka kuona picha inavyoishi baada ya kumtoka mkononi, na mkusanyo huo kwangu mimi ni mojawapo ya kazi zake bora, ijapokuwa ndani yake yeye hakubonyeza kitufe cha kamera hata mara moja.

Mwaka 2004 mambo yalikuwa tofauti. Mchoraji Joy Garnett wa New York alionyesha michoro ya rangi ya mafuta ya watu waliomo katika ghasia na hamaki, aliyoichora kutokana na picha alizoziokota kwenye intaneti bila kujali zilikotoka, na mmoja kati ya michoro hiyo ulikuwa sehemu ya picha ya Bareta iliyokatwa ikabaki mwili na chupa. Meiselas, kupitia mwanasheria, alidai atajwe na aombwe ruhusa. Wasanii wengi wa mtandaoni walimwunga mkono Garnett, wakanakili mchoro huo kwenye kurasa zao kama ishara ya kupinga hakimiliki kuwa pingu ya ubunifu. Baadaye wanawake hao wawili walikaa jukwaani pamoja katika mkutano wa Chuo Kikuu cha New York, na mwezi Februari 2007 jarida la Harper's likachapisha hoja zao ubavu kwa ubavu.

Hoja ya Garnett ilikuwa nzito: ni nani anayeweza kudai umiliki wa mapambano ya mtu huyu? Mpigapicha hakupigana, alipiga picha tu, na ushirika wake ulioundwa kumlinda dhidi ya magazeti makubwa sasa ulimfanya aonekane kama tajiri anayemdai msanii mwenzake kodi. Hiki ndicho kitendawili nilichokitaja. Meiselas alijibu kwamba kilichomuumiza si fedha. Kijana yule hakuwa mfano wa ghasia kwa ujumla; alikuwa mtu mahususi, mwenye jina, katika mji mahususi, siku mahususi, akipigana na utawala mahususi baada ya miongo minne ya dhuluma, na kumkata kutoka katika hayo yote ni kumpunguza hadi awe umbo la hasira. Nimezisoma hoja hizo mara nyingi. Kisheria, naelemea upande wa mchoraji, kwa sababu sanaa isiyoruhusiwa kuazima itakufa. Kimaadili siwezi kumuunga mkono, na sababu yangu ni rahisi: Meiselas alikuwa amekwenda kumtafuta yule mtu.

Miaka kumi hivi baada ya mapinduzi alirudi Nikaragua akiwa na kitabu chake mkononi, pamoja na watengenezaji filamu Richard P. Rogers na Alfred Guzzetti, akauliza nyumba kwa nyumba na soko kwa soko: mnamjua huyu? Yuko wapi? Alimpata Bareta. Aliwapata wengine pia, wapiganaji wa zamani, wajane, hata askari wa upande ulioshindwa. Filamu iliyotokana na safari hizo ilitoka mwaka 1991, na hali ya nchi ilikuwa imegeuka tena, kwa maana mwaka 1990 Sandinista walikuwa wameshindwa katika uchaguzi na Violeta Chamorro, mjane wa yule mhariri aliyeuawa. Watu walizitazama picha zile kwa fahari, kwa uchungu, na baadhi yao kwa uchovu wa mtu anayeuliza ilikuwa ya nini. Haikuwa rahisi kwa mpigapicha kusikia hayo, na filamu haiyafichi.

Mwaka 2004, mwaka uleule wa mzozo wa New York, alirudi tena katika maadhimisho ya miaka 25 ya kuangushwa kwa Somoza. Safari hii alibeba picha 19 zilizokuzwa kuwa mabango makubwa, na kwa kushirikiana na wenyeji akazitundika mahali palepale zilipopigwa. Mpita njia aliona ukuta, na juu ya ukuta akaona ukuta uleule ulivyokuwa siku ya vita. Vijana waliozaliwa baadaye walisimama wakauliza, na wazee wakajibu, si kila mara kwa majibu yanayofanana. Hayo ndiyo majadiliano ambayo jumba la sanaa la Ulaya haliwezi kuyazaa, hata likiwa na taa nzuri kiasi gani.

Nimeikalia Nikaragua kwa makusudi, na hivyo El Salvador nitaipitia kwa haraka, ingawa ndiko alikokaribia kupoteza maisha. Mwezi Januari 1981 gari alilokuwamo pamoja na wanahabari wengine lilikanyaga bomu la ardhini. Mmoja wao alifariki, naye akajeruhiwa. Mwezi mmoja kabla ya hapo alikuwa amepiga picha miili ya wanawake wanne wa kanisa kutoka Marekani ikifukuliwa kaburini baada ya kuuawa na askari. Na mwezi Januari 1982 alifika El Mozote pamoja na mwandishi Raymond Bonner wa New York Times, wiki chache baada ya jeshi kuwaua mamia ya wanakijiji, wengi wao watoto. Taarifa zilipochapishwa, serikali ya El Salvador ilikanusha na maofisa wa Marekani wakazitilia shaka. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1992, wataalamu wa Argentina walipofukua mifupa, ndipo ubishi ukaisha. Hapo Meiselas alijifunza jambo la kukatisha tamaa: picha inaweza kuwa ya kweli, ikachapishwa mahali penye sauti kubwa kuliko pote, na bado wenye nguvu wakaamua kutoiona. Ushahidi unahitaji muda, majina na mifupa.

Elimu hiyo ilimfikisha Kurdistan. Mwaka 1991, baada ya Vita vya Ghuba, alikwenda kaskazini mwa Iraki kufuatilia matokeo ya kampeni ya Anfal ya mwaka 1988, ambapo utawala wa Saddam Hussein uliangamiza maelfu ya vijiji vya Wakurdi na kuua makumi ya maelfu ya watu. Alifanya kazi bega kwa bega na mtaalamu wa mifupa ya binadamu Clyde Snow, aliyekuwa akifukua makaburi ya halaiki ili kupata ushahidi. Alipiga picha fuvu, nguo zilizowekwa juu ya kaburi ili ndugu wazitambue, na wanakijiji waliosimama wakitazama. Halafu akajiuliza swali ambalo mpigapicha wa kawaida asingejiuliza: namjuaje mtu huyu kwa kifo chake tu? Hawa watu walikuwa na sura gani kabla ya kaburi?

Wakurdi hawana nchi. Mkataba wa Sèvres wa mwaka 1920 uliwafungulia mlango wa kuwa nayo, na ule wa Lausanne wa mwaka 1923 ukaufunga, wakabaki wamegawanyika kati ya Uturuki, Iraki, Irani na Siria. Taifa lisilo na dola halina nyaraka za taifa wala makumbusho ya kutunza picha za wazee wake. Picha zao zilikuwa zimetawanyika: nyingine kwa wamisionari na maofisa wa kikoloni wa Uingereza, nyingine katika studio za miji midogo, na nyingine katika nyumba za familia zilizozificha kwa sababu kukutwa nazo ilikuwa hatari. Kwa miaka sita Meiselas aliacha kuwa mpigapicha kwa maana tuliyoizoea. Alizunguka akinakili picha za wengine papo hapo, bila kuwanyang'anya wenyewe asili zake, na kwa kila picha aliuliza nani aliipiga, kwa nini, na nani yumo.

Kitabu chake cha mwaka 1997 kinasimulia miaka 100 hivi ya historia ya Wakurdi kwa picha hizo, pamoja na barua, telegramu, taarifa za kijasusi na kumbukumbu za watu. Picha zake mwenyewe ni chache ndani yake. Mwaka uliofuata, intaneti ikiwa bado changa, alifungua tovuti iitwayo akaKURDISTAN, ambako mtu yeyote angeweza kuleta picha na kisa chake, na ambako palikuwa na sehemu ya picha zisizojulikana ili watu wasaidie kutambua waliomo. Leo kila jumba la makumbusho linajisifu kwa kushirikisha jamii, ila mwaka 1998 wazo hilo lilikuwa geni, na mpigapicha aliyepewa tuzo ya MacArthur mwaka 1992 angeweza kuitumia heshima hiyo kwa mambo mepesi zaidi.

Kazi zilizofuata ni nyingi nami nitataja moja tu. Mwaka 2015 na 2016 alifanya kazi na wanawake waliokimbia ukatili majumbani na kupata hifadhi katika eneo la Black Country, Uingereza. Kwa usalama wao hawakuweza kuonyeshwa nyuso. Basi alipiga picha vyumba vyao, kitanda, mfuko wa nguo, vitu vya kuchezea vya mtoto, na wanawake wenyewe wakaandika na kutengeneza sehemu ya kitabu. Tangu mwaka 2007 amekuwa pia akiuongoza wakfu wa Magnum Foundation, unaowasaidia wapigapicha vijana wa nchi mbalimbali kufanya kazi za muda mrefu katika jamii zao wenyewe. Maonyesho ya kazi zake za miaka yote yalipita Barcelona, Paris na San Francisco, na mwaka 2019 yalimpatia tuzo ya upigaji picha ya Deutsche Börse.

Sitaki mwondoke mkidhani nimekuja kumtangaza kuwa mtakatifu. Kurudi kunahitaji pasipoti nzuri, fedha na muda, na vyote hivyo vinatokana kwa sehemu na picha zilezile ambazo mpigapicha anasema anazirudisha. Bareta hakuwa na njia ya kwenda New York kumtafuta Meiselas. Uamuzi wa kurudi au kutorudi ulibaki mikononi mwa mtu mmoja, na hata kazi ya ushirikiano ikishapachikwa kwenye ukuta wa jumba la sanaa hubeba jina lake. Yeye mwenyewe ameyazungumza haya kwa uwazi kuliko wakosoaji wake wengi, jambo ambalo halimalizi tatizo.

Lipo tatizo jingine ambalo sisi tunaodai picha za kale zirudishwe makwao hatupendi kulizungumza. Tunaposema jamii ipewe kumbukumbu zake, tunamaanisha nani hasa? Nikaragua ya leo inaongozwa na Daniel Ortega, mmoja wa viongozi wa Sandinista walioshika madaraka mwaka 1979, siku chache baada ya chupa ile kurushwa Estelí. Mwaka 2018 serikali yake ilikandamiza maandamano kwa risasi, na Monimbó, mtaa uleule wa barakoa, ulikuwa miongoni mwa mitaa iliyosimama kuipinga. Mwezi Agosti 2023 ilikitaifisha Chuo Kikuu cha Amerika ya Kati mjini Managua, kilichokuwa na taasisi ya historia yenye hazina kubwa ya nyaraka na picha za nchi hiyo. Mtu aliyekuwa amekabidhi nakala zake zote kwa taasisi kama hiyo, kwa nia njema kabisa ya kurudisha, angekuwa sasa amezikabidhi kwa serikali. Kwa hiyo nakala iliyobaki ng'ambo, ambayo kwa miaka mingi tumeiona ni alama ya unyang'anyi, wakati mwingine ndiyo pekee ambayo mtawala hawezi kuifungia kabatini, na sera yoyote ya kurudisha picha itakayoandikwa katika vyuo vyetu haina budi kueleza nakala ngapi zibaki wapi, chini ya funguo za nani, na nani ataruhusiwa kuzitazama siku milango ya nyumbani itakapofungwa.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nakaribisha maswali, na hasa kutoka kwa wale wasiokubaliana nami kuhusu Garnett.